Barua ya wazi kwa wenye nyumba wa Dar es Salaam: tuandikiane kabla ya kubomoa

Kwenu wenye nyumba mnaokarabati, mabosi wetu, mama zetu na baba zetu,

Mimi ni fundi mwashi. Nilianza kama saidia fundi, nikapandisha zege kwa karai, nikashika mwiko, na siku hizi nachukua ukarabati mzima na kuwaita wenzangu wa bomba, umeme, jipsamu na rangi. Kazi zetu nyingi ziko kwenye nyumba za zamani za Ilala, Magomeni, Temeke na Sinza: choo cha uani kiingie ndani, jiko la mkaa ligeuke jiko la kisasa, sakafu ya saruji ivikwe marumaru, paa lililoinama liinuliwe. Mnatusema sana. Mnatusema kwenye vikao vya familia, kwenye daladala, hata misibani: fundi mwizi, fundi mwongo, fundi wa kesho. Mengine ni kweli na nitayafikia. Ila nimekuja na ombi moja ambalo mafundi hatulitoi hadharani. Tuandikiane. Ile karatasi mnayodhani ni ya kumbana fundi, fundi mwenye akili anaitaka kuliko ninyi.

Simu huanza hivi: "Fundi, nataka kurekebisha bafu na jiko, itanila shilingi ngapi?" Bafu sijaliona. Sijui ukuta wake ni wa tofali au wa udongo, sijui maji machafu yanakwenda wapi. Nikisema nije kwanza niangalie, unampigia mwingine, naye anataja bei. Kwa hiyo sote tumejifunza kutaja, na tunataja ndogo ili tuitwe. Wewe kwa upande wako unajua kabisa kuwa bei ya simu haiwezi kuwa ya kweli, lakini unaipokea kwa sababu inafanana na hela uliyo nayo. Ugomvi wa wiki ya tatu umeanzia hapo, siku ambayo hata mfuko mmoja wa saruji haujanunuliwa.

Bei ya ukarabati imefichwa ndani ya ukuta. Nyumba nyingi za Kiswahili za Ilala na Magomeni, zile zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku na ua nyuma, ukizitazama utadhani ni tofali. Piga tindo, lipu ikianguka unakuta fito na udongo, na mchwa wamekwishakula nusu. Marumaru ya ukutani haikai hapo, itabidi ukuta ule ushuke na upandishwe mpya. Sinza ni hadithi nyingine. Kule viwanja vilipimwa miaka ya 1970 chini ya mradi wa Benki ya Dunia, watu wakajenga kwa tofali, lakini wengi walijenga kidogo kidogo kadiri hela ilivyopatikana, fundi huyu msingi, yule kuta, mwingine akaongeza chumba cha mpangaji. Unakuta linta imeishia katikati ya ukuta, au bomba la maji machafu limepita chini ya chumba cha kulala na hakuna anayekumbuka linatokea wapi.

Kwa hiyo mlipe fundi nauli na muda wake aje akague. Mruhusu atoboe lipu sehemu mbili tatu, afungue chemba ya maji machafu, apande darini atazame mbao. Usiku huo huo akuandikie alichokiona. Na hata baada ya hapo, weka pembeni asilimia 10 hadi 15 ya bajeti kwa yale ambayo tindo itayafichua baadaye. Nyumba mpya inaweza kukadiriwa kwa ramani. Ya zamani ina siri, na asiyekuambia hivyo ama hajawahi kuibomoa ama anataka advansi.

Sasa karatasi yenyewe. Sizungumzii mkataba wa wanasheria wenye kurasa 40. Karatasi ya daftari la mtoto inatosha, nakala mbili, sahihi mbili, na mjumbe au jirani awe shahidi. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inayatambua hata makubaliano ya mdomo, kwa hiyo kisheria tayari tuna mkataba tukishakubaliana kazi na malipo. Kinachokosekana ni ushahidi wa nani alisema nini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami naongeza kuwa hata urafiki hupotea hivyo hivyo, maana wateja wangu wengi ni watu ninaokutana nao msikitini, sokoni na kwenye harusi.

Cha kwanza kuandikwa ni kazi yenyewe, kwa undani unaochosha. "Kurekebisha bafu" si kazi. Kwako bafu lina mlango mpya, dari, kioo, taa na rangi ya nje. Kwangu lina mabomba, sakafu, marumaru na sinki. Tukiandika "bafu" tu, kila mmoja anasoma la kwake na wote tunasema kweli. Andikeni: marumaru ukutani hadi urefu gani, hadi darini au mita moja na nusu? Mlango upo au haupo? Nani ananunua, wewe au mimi? Koki za aina gani? Fundi akikuambia "hayo tutaona mbele ya safari", mwambie safari haijaanza.

Halafu kuna kifusi. Sijui kwa nini hakuna anayekiandika, wakati kifusi kimevunja uhusiano mwingi zaidi kuliko wizi wa saruji. Bafu moja dogo likibomolewa linatoa mlima ambao hukuutegemea. Mwenye nyumba anaamini aliyebomoa ndiye mwenye taka. Fundi anaamini amelipwa kubomoa na kujenga, si kusomba. Wiki inapita, mlima uko barazani, mvua inaushusha kwenye mtaro, jirani anagomba, bwana afya wa kata anapita na daftari lake. Kirikuu moja au guta kadhaa zingeumaliza siku ile ile kama mstari mmoja ungesema nani analipa na kinapelekwa wapi. Na hapo kwenye kupeleka, kama kuna jirani anayejaza kiwanja chake, kifusi safi cha tofali ni mali. Muulizeni kabla hamjalipa gari.

Nije kwenye hela, maana huko ndiko mnakotusema zaidi, na huko ndiko tunakokosea zaidi.

Niwaeleze fundi anavyopotea. Anachukua kazi kwako, anapewa nusu ya fedha ya ufundi siku ya kwanza. Sehemu ya hela hiyo inakwenda kumalizia kazi ya Mbagala ambayo advansi yake ililiwa zamani. Kwako anafanya kazi wiki mbili, kisha vifaa vinakwisha. Wewe unasema mshahara bado, subiri mwisho wa mwezi. Fundi ana vijana watatu wanaolipwa kwa siku na hawali subira, basi anakwenda kuchukua advansi Kibaha. Mwisho wa mwezi unanunua marumaru, unapiga simu, anajibu "nakuja kesho, bosi". Hawezi kuja, kwa sababu hela ya Kibaha ameshaila na mwenye nyumba wa Kibaha amekaa kwenye kiti anamtazama. Huyo si lazima awe mwizi. Ni mtu anayelipa deni la jana kwa kazi ya kesho, na ninyi kwa kutoa nusu nzima mbele na kisha kuishiwa vifaa mnamsaidia kuingia humo. Simtetei. Nawaonyesha mlango anaotokea ili muufunge.

Unafungwa kwa kulipa kinachoonekana. Tuseme fedha ya ufundi ni shilingi 2,000,000. Nipe 300,000 ya kuanzia, inatosha nauli, chakula cha vijana na vifaa vidogo. Kubomoa kukiisha na kifusi kikiondoka, nipe 400,000. Mabomba na mifereji ya umeme ikikamilika na kupimwa kabla ya kufunikwa, 500,000. Lipu na marumaru zikiisha, 600,000. Hapo zimebaki 200,000, na hizo zikae kwako mpaka ule muda ambao kwenye kazi kubwa unaitwa kipindi cha matazamio upite. Barabara na majengo ya serikali hukaa kwenye matazamio kwa miezi mingi, mara nyingi mwaka. Kwa bafu, miezi mitatu ni haki, iingie na mvua ndani yake ikiwezekana. Bomba likivuja au marumaru ikilia tupu ukiigonga, nitarudi, kwa sababu hela yangu iko kwako. Mafundi wenzangu watanichukia kwa aya hii. Lakini fundi anayelipwa kwa hatua hana haja ya kukimbilia Kibaha, ana cha kukingojea hapa hapa.

Nanyi mtimize upande wenu: hatua ikikamilika, lipeni siku hiyo. Msikague leo mkalipa wiki ijayo. Saidia fundi analipwa Jumamosi jioni. Usipotoa, nakopa mimi, na Jumatatu saruji yako inachanganywa na kijana aliyekasirika.

Vifaa nunua mwenyewe, au tuongozane dukani na risiti ziandikwe jina lako. Orodha nitakupa. Kama unaogopa saruji kuondoka usiku, agiza mifuko mitupu yote itunzwe na uihesabu. Njia hii ni ya zamani na bado haina mpinzani, maana mfuko uliotumika lazima uache ngozi yake. Na hapa niseme jambo wanalolificha wauza duka: saruji si moja. Kwenye mfuko kumeandikwa 32.5 au 42.5. Hiyo ya 42.5 ndiyo yenye nguvu ya zege la nguzo na linta, ile ya 32.5 inafaa lipu na kujengea tofali. Fundi akikuomba ile ghali kwa kila kitu anakuumiza mfuko, na akikuletea ile nafuu kwa nguzo anakuumiza zaidi.

Marumaru nazo. Chukua chumba cha mita 3.6 kwa mita 3.6. Boksi la marumaru za sentimita 60 kwa 60 lina vipande vinne, yaani mita za mraba 1.44, kwa hiyo chumba hicho kinaingia boksi tisa kamili. Mwenye nyumba anapiga hesabu, anafurahi, ananunua tisa. Haitoshi. Nyumba ya zamani haina kona iliyo sawa. Jaribu mwenyewe kwa futikamba: pima mita 3 kwenye ukuta mmoja kutoka konani, mita 4 kwenye ukuta wa pili, kisha unganisha ncha hizo mbili. Zikitimia mita 5 kona iko sawa. Magomeni sijaikuta mara nyingi. Kona ikienda upande, vipande vya pembeni vyote vinakatwa, vingine vinapasuka, na unahitaji boksi la kumi. Ukilifuata baada ya mwezi, unakuta duka lina marumaru hiyo hiyo kwa jina, lakini namba ya toleo kwenye boksi ni nyingine na rangi imepauka kidogo. Ukiitandika, utaiona kila asubuhi. Nunua zote siku moja, soma namba kwenye kila boksi kabla hazijapandishwa garini, na ongeza asilimia 10. Zikibaki, funga uweke darini. Miaka mitano baadaye bomba likipasuka utakumbuka.

Maamuzi ya namna hii yafanyike kabla, na hapa ninyi mna deni kubwa kwetu. Soketi zikae wapi, friji iko upande gani, koki ya kuoshea vyombo itazame dirisha au ukuta. Nimefanya kazi Tabata kwa mama mmoja mfupi, mwepesi wa kusema. Mume wake alikuwa ameniambia meza ya jiko iwe sentimita 90 kama kwenye picha. Nikamwomba mama asimame ukutani, akunje mkono kama anayekata vitunguu, nikaweka alama ya penseli chini ya kiganja chake. Ilitokea sentimita 82. Mume akasema watu watatushangaa, mama akamuuliza ni watu gani hao wanaokuja kupika hapa. Tukajenga 82. Dakika hizo tano, kabla sijapanga tofali, hazikumgharimu mtu chochote. Zingekuja baada ya zege na marumaru, zingekula siku nyingi na mifuko ya saruji, na mimi ndiye ningeonekana mbaya kwa kuidai.

Kubadili mawazo si dhambi, nyumba ni yenu. Lakini kila badiliko liandikwe nyuma ya ile karatasi: nini kimebadilika, kimeongeza shilingi ngapi, kimeongeza siku ngapi. Ujumbe wa WhatsApp unatosha, mradi ujibiwe "sawa" na pande zote mbili. Tusipofanya hivyo, mwisho wa kazi mimi nina orodha ya nyongeza kichwani na wewe una bei ya mwanzo kichwani.

Na chagueni msemaji mmoja. Naomba hili kwa heshima zote. Asubuhi baba anasema ukuta utoke, saa sita mama anapiga simu ukuta ubaki, jioni shemeji aliyewahi kusimamia ujenzi wa godauni anapita na kuuliza nani aliyewaambia mweke nondo hapo. Sisi tunaitikia "sawa bosi" kwa wote watatu, kwa sababu adabu ndivyo inavyotutaka na kwa sababu hatujui nani ana hela. Kesho yake kazi inabomolewa. Mlioko Muscat au Minnesota mnaotuma fedha kupitia kwa mpwa, hili linawahusu mara mbili. Mpwa apewe mamlaka yaliyoandikwa, au asipewe kabisa na picha zije kwako moja kwa moja kila jioni. Akiwekwa katikati bila mamlaka anakuwa mtu wa kulaumiwa na kila upande.

Kuna mambo ambayo haraka yenu inayaharibu. Mnakarabati kwa ajili ya harusi, send-off, Idi, Krismasi, na tarehe ya sherehe haijui habari za saruji. Zege na lipu vinataka kumwagiliwa maji siku saba au zaidi, na zege linaendelea kukomaa hadi siku ya 28. Rangi ya mafuta ikipakwa juu ya lipu mbichi itachubuka, ipe lipu wiki nne hivi. Bafu kabla ya marumaru lizibwe tundu la maji, lijazwe maji, liachwe usiku kucha. Asubuhi tutazame chini na pembeni. Mabomba ya ukutani yajazwe maji kwa presha kabla ya kufunikwa, na ukutani kote kulikochanwa kupigwe picha huku futikamba ikionekana, ili yule atakayetundika kioo miaka ijayo asitoboe bomba. Kuezua paa kusipangwe masika, Machi hadi Mei, wala vuli. Mnajua, lakini kila mwaka kuna mtu ananiita Aprili.

Hili la chumvi nalo. Ukuta wa chini unatoa unga mweupe, rangi inabanduka, mnasema magadi, mnaniambia nipige skimu na rangi nzuri wageni wakija wasione. Nitaipiga ukiniamuru, na ndani ya miezi kadhaa unga utarudi, kwa sababu unyevu unapanda kutoka chini ya msingi usio na nailoni ya kuzuia maji, au lipu ilichanganywa kwa maji ya kisima chenye chumvi. Dawa ni kubandua lipu ile hadi kwenye tofali, kuzuia unyevu unakotoka, kisha kupiga lipu mpya kwa maji ya DAWASA. Ni ghali. Rangi juu yake ni ghali zaidi ukiipaka kila mwaka, lakini hilo ni juu yenu, mradi liandikwe kwamba nilisema.

Kuna amri moja ambayo sitaitii hata ikiandikwa na kugongwa muhuri. "Fundi, toa tu huo ukuta wa katikati sebule ipanuke." Kwenye nyumba nyingi za zamani ukuta wa ukumbini ndio uliobeba mbao za paa. Na mwenye nyumba ya chini anayetaka ghorofa juu, au mwenye ghorofa anayetaka kuchimba chini apate stoo, huyo hanitaki mimi. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na watu zaidi ya 20 wakafa. Mji mzima ulilia, na bado naitwa nikakate nguzo. Kazi hiyo ina mhandisi aliyesajiliwa na mkandarasi aliye kwenye daftari la Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ambako makampuni yamepangwa kwa madaraja kuanzia la kwanza hadi la saba. Jina la mkandarasi liangalie kwenye orodha ya Bodi kabla hujampa hata senti. Kazi hiyo inataka kibali cha ujenzi cha halmashauri pia. Umeme nao una wenyewe: mwulize fundi umeme leseni yake ya EWURA, aitoe mfukoni uisome. Mimi mwashi nachana tu mfereji wa waya, waya siugusi.

Mtaniuliza fundi wa kawaida mtamjuaje. Vyeti si kila kitu, wengi wetu tumejifunzia kazini, ingawa VETA ina utaratibu wa kumpima fundi wa mtaani na kumpa cheti cha ujuzi alio nao, na aliyejisumbua kwenda kupimwa ana sababu ya kuheshimiwa. Zaidi ya hapo mwombe akupeleke kwenye kazi aliyoimaliza mwaka jana au juzi. Ya wiki iliyopita haina maana, rangi mpya inadanganya. Nenda bafuni, gonga marumaru kwa funguo, tazama maji yanakimbilia tundu au yanasimama konani. Kisha muulize mwenye nyumba swali moja: bomba lilipovuja, alipokea simu?

Mwisho yale madogo ambayo ni aibu kuyaandika na ni vita yasipoandikwa. Vijana wangu watatumia choo kipi? Nyumba ina choo kimoja na ndicho tunachobomoa. Tupange kwa jirani au tuweke cha muda. Maji ya kuchanganyia ni ya bomba lako au unaagiza boza? Grainda inakula umeme, LUKU ni juu ya nani? Stoo funguo ngapi, ziko kwa nani? Kazi inaanza saa ngapi na kelele inaisha saa ngapi, kuna mtoto mchanga au mgonjwa ndani? Ramadhani tunaanza alfajiri na kuacha mapema, Ijumaa tunasimama kwa swala, Jumapili wengine wanakwenda kanisani. Haya yahesabiwe kwenye siku za kazi tangu mwanzo. Chai si lazima. Ukitoa, tunashukuru, lakini usiihesabu kwenye malipo.

Nanyi mna haki ya kunidai haya kwa maandishi: nitapokea simu zako, sitachukua kazi ya pili bila kukuambia, sitabadilisha kifaa tulichokubaliana hata duka likikosa, nisipokuja nitakuambia jana yake na si saa nne asubuhi ukiwa umeomba ruhusa kazini kunisubiri. Niandikie faini ukitaka. Na siku vifaa vikichelewa upande wako, niandikie nami haki ya kuondoka na tarehe ya kurudi, ili nisiitwe mkimbizi.

Nikija kukagua nitakuwa na daftari, kalamu mbili, futikamba, pimamaji na tindo ndogo. Fundi akikataa kuandika, mruhusu aende, na advansi yake isitoke. Ukikataa wewe, nitakunywa maji, nitakushukuru, nitaaga.

Wenu katika kazi,
Fundi mwashi, Temeke